Sinema ya Bwana Wilfred

Juzi, nikisubiri nguo zangu kwenye mashine za kufulia kule Tottenham, nilimwona Bwana Wilfred kwenye televisheni ya ukutani, akiigiza hakimu mzee. Tulipokaa Kilburn alikuwa jirani yetu wa juu. Ujanani alikuwa mchekeshaji wa sinema zisizo na sauti. Sinema zilipoanza kusema, akabakiziwa nafasi ndogondogo za mahakimu na makasisi.

Mchana mmoja alitualika, mimi na mama, atuonyeshe ujana wake ukutani. Chumba kilinuka mafuta ya taa, na mashine ya kuonyeshea sinema ilitatarika kama bisi zikikaangwa. Pale ukutani, polisi wanne walimfukuza. Akajificha ndani ya pipa, wakamvuta kwa miguu, wakamtupa garini. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mama alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Mama amefurahi?" Bwana Wilfred aliniuliza, maana mama hakujua Kiingereza.

"Mwambie basi, mwanangu, yatosha," mama alisema kwa sauti ndogo.

Nilidhani kicheko kimemzidi. Nami nilitaka kuona tena. Nikamwambia mzee, "Anasema rudia."

Baba, nilivyoambiwa, alikuwa amebaki Unguja kumalizia kazi. Nilikuwa mtu mzima shangazi aliponieleza kwamba askari walimtoa uvunguni mbele ya mama, wakamburuta kwa miguu hadi garini, asionekane tena.

Bwana Wilfred alifurahi mno. Aliirudisha sinema mwanzo, kisha akamsogezea mama kiti karibu na ukuta, aone vizuri zaidi.