Siku Kumi na Nne za Sungura Wangu

Nilianza masomo ya udaktari wa mifugo nikiwa na mnyama mmoja tu wa kwangu: sungura jike wa rangi ya kahawia. Mama alimnunua sokoni kwa ajili ya sikukuu, nami nikamwombea msamaha mpaka sikukuu ikapita. Aliishi nyuma ya jiko, ndani ya sanduku la mbao. Sikumpa jina. Katika nyumba ya wafanyabiashara kama yetu, anayempa kitoweo jina hupelekwa kusomewa dua, na mimi nilikuwa nimeshawashangaza vya kutosha kwa kwenda kusomea mbuzi wakati wenzangu wanasomea sheria.

Mtaa, lakini, ulinikubali upesi. Hapa Kamina diploma haingojewi. Juma lile lile nililojiandikisha, majirani wote waliniita docteur, wala sikuwasahihisha. Ukweli ni kwamba miezi miwili ya kwanza tulisoma kemia na kulitazama fuvu la ng'ombe lililopungukiwa meno.

Ndipo baba mkubwa, kaka yake baba, akafika kwa treni kutoka Kindu. Yeye ndiye aliyemlainisha baba mpaka mimi, mtoto wa kike, nikaruhusiwa kusoma, na sasa alikuja makusudi kunipongeza. Jioni ya kwanza alizunguka nyuma ya jiko, akamnyanyua sungura, akampima uzito kwa mkono.

"Iyi lapin iko na mafuta muzuri," akamwambia mama, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya kila siku. "Kesho tunaichinja. Mutoto yetu anakuwa docteur, atuwezi kumufurahia na sombe tu."

Yaani sherehe ya mtu atakayeponya wanyama ilikuwa ianze na mnyama pekee aliyekuwa naye. Hakuna aliyecheka. Kwetu, mgeni mkubwa akishamgusa mnyama, mnyama yule si wako tena, na hata baba asingethubutu kumwambia kaka yake hapana. Kisha, kwa mara ya kwanza, elimu ikanifaa: nilikumbuka mwalimu mmoja alitaja, kwa kupita tu, kwamba mnyama aliyepewa dawa haliwi mpaka dawa imtoke.

"Baba mukubwa, iko mugonjwa," nikasema. "Asubuyi nilimupiga sindano ya antibiotique. Nyama yake aiwezi kulikwa."

"Paka lini?"

"Quatorze jours."

Sindano sikuwa nayo hata ya kushonea. Lakini hesabu yangu niliiona safi: yeye angerudi Jumamosi, na siku ya kumi na nne ingemkuta Kindu kwake. Hesabu ilikuwa na kosa moja, ambalo mtoto aliyezaliwa karibu na stesheni ya Kamina hakupaswa kulifanya. Niliiamini treni. Jumamosi ilipofika, kichwa cha treni kilisemekana kimelala Bukama, na wiki iliyofuata kilikuwa bado hakijaamka.

Baba mkubwa hakuhangaika. "Muzuri," akasema, "tutangojea lapin ipone." Na kwa kuwa aliiheshimu shule kuliko mimi niliyekuwa naisoma, akaniuliza ni kitu gani kingeitoa dawa haraka mwilini. Nilipaswa kujibu kitu.

"Ikule sana," nikasema.

Akalishika neno hilo. Kila asubuhi baada ya sala alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na majani ya kabichi yanayochuruzika maji. Aliongeza bukari, ugali wetu, iliyobaki jana, akiifinyanga vidonge. Aliketi kwenye kigoda kando ya sanduku akimsimulia sungura habari za biashara ya Kindu. Sungura akanenepa. Niliona, nikaingiwa na wasiwasi, nikanyamaza, maana kumzuia kungekuwa kuifuta kauli yangu mwenyewe. Tena nilifurahi, kwa sababu kila siku iliyopita ilikuwa siku aliyoishi.

Siku ya kumi na moja sungura aliiacha kabichi. Siku ya kumi na mbili tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, naye akisaga meno. Nilifunua madaftari yangu yote, nikapata ukurasa mmoja juu ya tumbo la ng'ombe. Nikambeba hadi machinjioni, kwa mzee mmoja anayekagua nyama huko. Aliniuliza alikuwa anakula nini. Nilipofika kwenye bukari alinikatiza.

"Weye njo uko nasoma vétérinaire?" akauliza. "Lapin inakula majani kavu, mama. Bukari ni ya bantu."

Alinipa mafuta kidogo ya kumdondoshea mdomoni, asiahidi kitu. Siku ya kumi na tatu, kabla ya adhuhuri, alikufa mapajani mwangu. Nililia kwa sauti, vibaya, mbele ya watu. Na kwa kuwa alikufa mwenyewe bila kuchinjwa, hakuna mtu wa nyumba yetu ambaye angemla. Baba mkubwa alichimba shimo kwa mikono yake, akiwa amevaa kanzu yake nzuri.

Alipomaliza aliwageukia majirani waliokuja kutazama.

"Munaona? Wiki mbili ile imepita, uyu mutoto alisema iko mugonjwa. Siye bote tuliona iko muzima. Yeye peke yake njo aliona."

Wakatikisa vichwa kwa heshima. Kesho yake asubuhi mbuzi watatu walikuwa wamefungwa mlangoni petu, na wengine hawajakoma kuja, ijapokuwa mpaka leo kuna magonjwa mengi kuliko niliyoyasoma.

Treni ilikuja hatimaye, baba mkubwa akaondoka. Hupiga simu kila Ijumaa kuuliza masomo, nami humsikia akiwaambia walioketi naye kwamba anaongea na docteur yule anayeuona ugonjwa kabla haujafika. Sauti yake huwa na furaha sana. Sijamwambia kwamba ugonjwa ule niliuleta mimi kwa mdomo wangu, na kwamba yeye ndiye aliyemlisha, kila asubuhi, kwa mkono wake, kwa sababu aliniamini.