Jipu Lililotibiwa Nyuma ya Ukuta

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza mie. Nilitoka kwetu Unyamwezi kwa miguu, shuka moja kiunoni, nikalala makaburini, nikala mizizi, nikamwona simba amelala juu ya reli na gari moshi limesimama linamngoja aamke. Nimemwona tajiri anaomba maji na maskini anamnyima. Darasa la pili ndiyo elimu yangu, tena la pili lenyewe sikulimaliza, na leo nina nyumba ya bati Kinondoni, vyumba sita, na lori ambalo likipiga honi watu wanajua ni la nani.

Lakini nimechoka. Siku hizi nikiinuka kitini nainuka kwa awamu, kama mzigo unaoinuliwa na watu wasioelewana. Wanangu wakimwona mama yao anachemsha majani wanacheka, wanasema, "Baba, siku hizi kuna sindano." Ipo, sikatai, na mie mwenyewe nimechomwa. Ila hawajui lile jipu. Basi naandika, nikiwa bado naweza kushika kalamu.

Vita vya pili vilikuwa vimekwisha juzijuzi. Nguo zilikuwa bado za kuviziwa. Mwanamke akisikia kanga zimeingia dukani anaacha mchele motoni. Wakati huo sikuwa na lori. Nilikuwa na baiskeli moja nyeusi, matenga mawili nyuma, na miguu. Kila alfajiri nilikuwaga Kunduchi kabla wavuvi hawajamaliza kugawana, nachagua samaki, changu na vibua, nafunika kwa majani mabichi, nakanyaga mpaka kambi ya vibarua wa barabara, upande wa njia ya Morogoro. Mpishi wa kambi alikuwa ananunua matenga yote mawili kila siku. Jua halijawa kali, mie nimeshauza. Wauza samaki wenzangu walikuwa wanazunguka mitaani wakipiga kelele hadi samaki ananuka, mie nipo kwangu nimenyoosha miguu. Kazi hiyo niliitafuta miezi mingi na niliipata kwa akili yangu, hakuna aliyenishika mkono.

Yule mpishi, mtu wa Lindi mwenye tumbo la heshima, aliniwekea sharti moja tu.

"Bwana samaki, vibarua wangu hawali maneno," aliniambia. "Siku moja usipokuja, nakusamehe. Ya pili nakusamehe kwa kuwa nakupenda. Ya tatu, namleta mtu mwingine, na usije kunilaumu."

Nikacheka. Mie nikose siku tatu?

Jipu lilianza kama punje ya mtama. Na mahali lilipochagua! Nisizunguke sana: lilikuwa pale pale mtu anapokalia kiti cha baiskeli, upande wa kulia. Siku ya kwanza nilidhani ni mbu. Siku ya tatu nilikuwa naendesha baiskeli kwa kusimama, kutoka Kunduchi mpaka kambini, na kutoka kambini mpaka nyumbani.

Jirani yangu alikuwa fundi baiskeli, Mzaramo, mtani wangu. Mtani humfichi kitu.

"We Mnyamwezi," akaniita mbele za watu, "kiti umekiuza?"

"Kiti kipo."

"Mbona umesimama juu ya baiskeli kama bendera ya boma?"

"Najinyoosha."

"Nyie mmezoea kubeba mizigo kwa vichwa. Makalio hamjayafunza kazi!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Kisha akanivuta pembeni, maana mtani akishakutukana ndipo anakusaidia. Akaniambia nikwangue sabuni ya mche, nichanganye na sukari, nibandike, lingevuta. Nikabandika siku mbili. Likavuta kweli, lakini lilivuta nyama ya jirani. Mke wangu akaoka kitunguu kwenye majivu, akakipasua, akakibandika cha moto. Nikanuka kama hoteli. Mie sina subira, sijawahi kuwa nayo, na mtu mwenye subira hatoki Unyamwezi kwa miguu. Nikachuma mwiba wa mlimau, nikalitoboa mwenyewe lingali bichi. Ikatoka damu, usaha hakuna.

Asubuhi ya Jumatatu sikuweza kuinuka. Mguu mzima ulikuwa wa mtu mwingine, na paja lilikuwa linatoa joto kama chungu.

"Nimwite mama," mke wangu akasema.

"Mama yako?"

"Kwani nina mwingine?"

Mama mkwe alikuwa anajulikana. Alikamua majipu ya watu kuanzia Magomeni mpaka Msasani; wapo waliotoka hospitalini na dawa mfukoni wakapitia kwake kwanza. Lakini ni mkwe! Nikikutana naye njiani nilikuwa natoka njiani, nasimama kwenye majani, natazama chini, mpaka apite. Sijapata kula mbele yake, sijapata hata kupiga mwayo mbele yake. Sasa nimwoneshe nini, tako?

Nikamwambia mke wangu bora nife. Akanitazama kwa kuchoka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na bado yuko hivyo.

"Ukifa," akasema, "samaki atapelekwa na nani?"

Huyo mama alikuja saa mbili ya asubuhi ile ile, na njia aliyoitumia sijaisikia kwa mtu mwingine yeyote. Hakuingia chumbani. Aliingia chumba cha pili, akaketi kwenye mkeka. Nyumba yangu ya wakati huo ilikuwa ya fito na udongo, na ukuta wa kati haukufika juu, kwa hiyo neno lililosemwa huku lilisikika kule. Yeye awe kichwa, mke wa mgonjwa awe mikono.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa nimelala kifudifudi, naongea na godoro la sufi.

"Mwambie marahaba," akamjibu binti yake, ingawa alinisikia. "Haya. Kamnawishe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Umemaliza? Sasa weka kidole gumba pembeni ya jipu, si juu yake. Bonyeza. Zunguka nalo polepole."

Mke wangu akabonyeza. Ndugu msomaji, niliona nyota, nikaona na mwezi. Lakini nilikuwa mwanamume ndani ya nyumba yangu, na ng'ambo ya ukuta kulikuwa na mkwe wangu. Niliuma mto. Sauti haikutoka, hata pumzi niliizuia.

"Amesemaje?" sauti ikauliza.

"Hajasema kitu, mama."

"Hajaguna?"

"Hajaguna."



"Basi bichi. Mpikie unga wa mhogo mzito, mbandike ungali wa moto, juu yake jani la mbarika lililopakwa mafuta ya nazi na kupitishwa motoni. Kesho nitarudi."

Nilijisikia vizuri sana. Nilidhani nimeshinda. Nikawaza yule mama anarudi kwake akisema moyoni, binti yangu ameolewa na chuma. Siku ya kwanza ya kambi ikapita.

Jumanne akarudi, akaketi pale pale. Jipu lilikuwa limekuwa kubwa kama yai la bata, hivyo ndivyo nilivyoambiwa, mie sikuweza kuliona. Homa ilikuwa imepanda, shuka limelowa. Mke wangu akabonyeza, nikauma mto mpaka sufi ikaniingia mdomoni.

"Vipi?"

"Kimya, mama. Lakini linang'aa."

"Kung'aa si kuiva. Embe bichi nalo si linang'aa? Nioneshe kwa sauti. Jipu lililoiva, mwenyewe hulisemea."

"Mama, anauma mto."

Nikamwashiria mke wangu anyamaze, lakini neno lilikuwa limesharuka ukuta. Nikasikia mkeka ukikwaruza, mama amegeuka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nioe, akasema nami moja kwa moja.

"Mkwe wangu, unauma mto tangu lini?"



"Tangu jana, mama," mke wangu akasema.

"Mie sioni," mama akasema. "Hapa nilipo nina ukuta. Macho yangu ni mdomo wako. Likiwa bichi, mtu huguna kama anayebeba gunia. Likiiva hulia kama aliyeungua. Wewe unanyamaza, mie nitaona kwa kitu gani? Jana nimekuacha na jipu, na huenda lilikuwa limeiva!"

Nilipiga hesabu nikiwa kifudifudi. Ningelia Jumatatu, lingetolewa Jumatatu, na Jumanne ningekuwa Kunduchi, hata kama kwa kusukuma baiskeli. Nilikuwa nimejinyima siku kwa mdomo wangu mwenyewe. Na siku ya pili nayo ilikuwa imekwenda, maana jua lilikuwa juu.

"Mbandike tena, leo limevurugika," mama akasema. "Kesho alfajiri nakuja, na wewe mkwe, kesho ulie."

Usiombe kuambiwa ulie. Usingizi haukuja, nikawa nafanya mazoezi ya kulia. Tangu njaa ya kwetu nilipokuwa mdogo sijalia tena. Wakati baba yangu anafariki nilikuwa safarini, na habari zilinifikia zikiwa zimeshapoa. Nilijaribu. Kitu kilitoka, lakini hata mie nilijua si kilio.

Jumatano alikuja kweli, bado kuna umande. Mke wangu akabonyeza. Nikafungua mdomo.

"Hicho kikohozi," mama akasema ng'ambo ya ukuta.

Mke wangu akabonyeza tena. Mdomo wazi, sauti hakuna. Si kiburi tena, nakuapia. Nilitaka kulia kwa roho yangu yote, kambi ilikuwa inanitoka mikononi siku ile ile, na sauti haikujua njia.

Mkeka ukakwaruza. Nikasikia nyayo.

"Mama, usiingie!" mke wangu akasema.

"Sogea. Niletee taa na jani la moto." Alikuwa mlangoni. "Mkwe, vuta shuka ufunike kichwa chako. Mie nafunika changu, niache jicho moja tu. Kati yetu libaki jipu peke yake."

Nikafunika kichwa. Ndani ya shuka kulikuwa giza na harufu ya samaki wangu mwenyewe. Nikasikia mikono isiyo ya mke wangu, mikavu, isiyo na wasiwasi. Jani la moto likakaa, likaondolewa. Vidole viwili vikashika, vikakutana chini kabisa mahali ambapo sikujua kama nina mwili.

Ndipo sauti ikapata njia. Nililia kilio ambacho kuku walikikimbia. Kule barazani kwake fundi baiskeli akaacha nyundo, akapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Jamani, Mnyamwezi amejifungua!"

Mke wangu akacheka. Mkwe wangu naye akacheka chini ya kanga yake, nilisikia, na mie niliyekuwa nalia nikajikuta nacheka, machozi na kicheko vimechanganyika, sijui kipi ni kipi. Kiini kilitoka kizima, mke wangu anasema kama punje nene ya hindi. Mama akaosha shimo kwa maji ya chumvi, akalijaza asali, akafunga kitambaa, akatoka bila kuaga. Nililala mchana kutwa kama maiti.

Alhamisi nilisukuma baiskeli kutoka Kunduchi, sikuikalia hata hatua moja. Matenga yalikuwa yamejaa. Nilipofika kambini niliona baiskeli nyingine imeegemea mti, matenga yake yako chini, matupu. Mpishi alikuwa anaparua samaki.

"Nimeumwa," nikamwambia.

"Umeumwa nini?"

Ningesema nini? "Mguu."

"Pole sana. Nilikwambia siku tatu."

"Nilikuwa hoi, bwana."

"Si ungetuma hata mtu?" Akanitazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Nimeshampa neno langu huyu mwenzio. Neno nikishalitoa silirudishi tumboni."

Nikazunguka mitaani na samaki kwa miguu, napiga kelele kama wale niliokuwa nawacheka. Vibua wa mwisho niliwauza Magomeni kwa bei ya kuomba. Nikarudi nyumbani nimechoka uchovu ambao mpaka leo, nikichoka sana, naukumbuka.

Nilipofika mke wangu hakunipa chakula kwanza.

"Mama hapiti tena mlangoni kwetu," akasema. "Ameona asichopaswa kuona. Mpaka umpe nguo ya kufunika macho."

"Nguo gani?"

"Doti ya kanga. Mpya."

"Kanga zenyewe ziko wapi mjini hapa? Mwambie nimepoteza kambi. Mwambie nitampa kipande kimoja sasa, cha pili mwezi ujao."

Mie ni mfanyabiashara. Bei nikitajiwa mdomo unafunguka wenyewe. Mke wangu akaenda, akarudi.

"Mama anasema doti ni ya macho. Kwa kuwa umepunguza, ameongeza shilingi tano za masikio."

"Masikio yamefanya nini?"

"Anasema siku mbili umemkalisha ukutani anasikiliza kimya chako. Na anasema ukipunguza tena, ataongeza za magoti, maana alikaa chini."

Sikupunguza tena. Sijapata kushindwa bei na mtu yeyote, Mhindi wala Mwarabu, ila na yule mama. Nilizungusha samaki mitaani wiki tatu, nikapata doti kwa mwenye duka aliyekuwa anaificha chini ya kaunta, nyekundu yenye pambo la mkorosho, nikaikunja na zile shilingi tano ndani, nikampa mke wangu aipeleke. Jioni hiyo mkwe wangu akapita mlangoni kwetu. Nikatoka nje, nikasimama kwenye majani, nikatazama chini, akapita.

Katika gharama ya jipu lile kazi ya kambi siihesabu, kazi huja na kwenda, na nyingine niliipata iliyo kubwa zaidi. Sabuni, sukari na vitunguu vilikuwa vya jikoni. Nilichotoa mkononi, doti na masikio pamoja, kilikuwa shilingi kumi na tisa na senti arobaini.