Teke la Bunduki

Risasi yangu ya kwanza maishani ilining'oa jino. Nilikuwa kwenye mafunzo ya mgambo, nimelala kifudifudi mchangani, kitako cha bunduki nimekigusisha begani nusunusu kwa sababu nilikiogopa. Bunduki ikarudi nyuma, ikaniponda taya. Afande hakunipa hata pole.

"Wewe mama, hilo teke umelitaka mwenyewe," alisema. "Ukiiachia nafasi, inakuja mbio inakupiga. Ikumbatie mpaka ikae kwenye mfupa, itakusukuma tu. Na usifumbe macho!"

Nilimwelewa, ila taya halikuelewa. Nilipopata kazi ya ulinzi Kariakoo, kwenye duka la jumla la vitenge, nilijitafutia dawa: nilikunja kipande cha khanga mara nne, nikakishonea ndani ya shati la sare, begani. Sisi wanawake wa lindo tulifundishana hivyo, tukajiona wajanja kweli.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiarabu, mtu wa utani. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia, "Marahaba, jemadari wangu. Leo vita iko wapi?"

Ijumaa moja vita ikaja mlangoni. Mzee alikuwa anafunga duka awahi msikitini, mkoba wa mauzo kwapani. Pikipiki ikasimama, wakashuka wanaume wawili. Mmoja akavuta mkoba, mzee akang'ang'ania. Wa pili akachomoa panga kwenye koti.

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwao. "Tupa panga!" Hakunitazama hata. Nikainua bunduki, na kabla sijavuta kifyatulio mwili wangu ukaanza kulikimbia teke: bega likarudi nyuma, macho yakajifumba. Kitako kikateleza juu ya ile khanga, mtutu ukaruka, risasi ikatoboa bango la ghorofani. Panga likashuka kwenye mkono wa mzee. Damu ikarukia vitenge. Mzee akaanguka, akajiviringisha. Panga likagonga sakafu, likainuka tena.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua, na nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikatia mkono shatini, nikaing'oa khanga na nyuzi zake. Nikakoki. Nikakibana kitako kwenye mfupa, nikaegemea mbele, macho wazi, nikavuta taratibu.

Bunduki ilinisukuma tu. Kifua cha yule mtu kilifumuka, akaangukia robota la vitenge. Mwenzake akaacha mkoba, akakimbia. Watu wakamdaka mtaa wa pili. Sikwenda kutazama walichomfanya. Nilimsikia akilia, kisha sikumsikia tena.

"Mama noma sana!" wamachinga walinishangilia. Mimi nilikuwa nimeinama ukutani, natapika.

Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali kumwona mzee. Mkono wa kulia madaktari walishindwa kuuokoa, wakaukata. Wodi ilijaa ndugu zake, naye akawa anawasimulia kwamba risasi ya kwanza niliipiga juu makusudi, kuwaonya wale watu, kwa kuwa mimi nina utu. Wote wakageuka kunitazama kwa heshima. Sikumkatalia.

Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, safari hii bila utani. Akaninyooshea mkono wa kushoto, uso umemwiva kwa aibu. "Niwie radhi, nakupa huu. Sina mwingine."