Ngoma Kati ya Magodoro

Kampuni yetu ya programu za muziki ilianzia katika chumba kimoja cha nyumba yetu ya mbao, mtaa wa Katindo, mjini Goma. Tulikuwa wawili tu: mume wangu, aliyejua kuandika programu, na mimi, niliyekuwa nikipiga kinanda katika kwaya ya parokia. Vinanda vya Goma vilikuwa na ngoma za kila nchi, ila si zetu. Tulitaka mtu akibonyeza kitufe, isikike ngoma ya Masisi, kwao mume wangu.

Shida yetu ilikuwa chumba chenyewe. Kwa kuta za mbao na bati juu, kila mlio uliturudia kama tuko ndani ya debe. Tulirekodi, tukafuta, tukarekodi tena. Mume wangu akaanza kuzungumzia kurudi kufundisha.

Kisha vita vikapamba moto Masisi. Mchana mmoja shangazi wa mume wangu alifika mlangoni na wanawe na wajukuu, magodoro kichwani, na yeye ngoma mgongoni kama aliyebeba mtoto.

“Mama, umeacha vyungu, ukabeba ngoma?” nikamwuliza baada ya kuwakaribisha.

“Vyungu nitaomba kwako,” akajibu. “Ngoma nitaomba kwa nani?”

Tuliwapa chumba cha kazi. Kompyuta ikahamia jikoni, nami nikajua kampuni imekufa.

Asubuhi wageni walisimamisha magodoro ukutani ili wapate pa kukaa. Mume wangu aliingia kuchukua waya, akakohoa. Akasimama. Akakohoa tena, akapiga makofi, kisha akaniita.

“Sikia. Mulio haurudi tena.”

Basi watu wakatoka uani, watoto wakatulizwa kwa mahindi ya kuchoma, na shangazi akaketi na ngoma yake kati ya magodoro.

“Piga moja tu, Mama,” mume wangu akamwambia. “Halafu ngoja, tuchukue kila mlio peke yake.”

“Moja tu? Hiyo haiko ngoma, iko kubisha hodi.”

Lakini alipiga, kwa kiganja, kwa vidole, polepole, kwa nguvu. Alipochoshwa na kungojangoja, akaingia katika wimbo mzima wa arusi, na wanawe wakauitikia kutoka nje. Huo nao tuliurekodi. Ndipo nilipomwona anacheka, mara ya kwanza tangu afike.

Programu yetu ya kwanza ilitoka humo. Kwaya za mtaa wa Birere ziliichukua, kisha za mji wa Butembo. Vita vilirudi, umeme ukakatika, tukafunga, tukafungua. Leo tuna ofisi Birere na vijana wanaoijua kazi kutushinda.

Shangazi alijijengea nyumba mtaa wa Lac Vert. Juzijuzi tulikwenda naye arusini, na mpiga kinanda tusiyemjua akabonyeza kitufe, ngoma ikalia. Shangazi akainamisha kichwa kusikiliza.

“Nani anapiga?”

“Ni weye, Mama,” nikasema.

Akafikiri kidogo. “Basi leo niache nicheze. Miaka yote nilikuwa ninachezesha wengine.”

Akavua viatu, akanipa nimshikie, akaingia katikati.