Semeni Alipokataa Kuitwa Jaklini

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu Tabora, watu wazima waliamini kwamba kichanga huja na jina lake, na mkimpa lingine atalia mpaka mlipate. Mimi sikuwasumbua. Walinipa Mwenyeji, jina la babu mmoja aliyezaliwa mwaka ambao ukoo ulijenga nyumba yake ya kwanza, mtu ambaye hakuwahi kulala nje ya kijiji. Nikanyonya, nikacheua, nikalala. Jina limemkaa, wakasema. Haya nayaandika nikiwa juu ya robota la vitambaa katika soko la Zhongda, Guangzhou, China, baada ya Dubai, Istanbul na Bangkok, na viza yangu inakaribia kwisha. Mwenyeji gani huyo!

Aliyelia ni mdogo wangu. Baba alikuwa karani wa reli, na karani hakubali kupitwa na wakati, akamwita Jaklini. Jaklini akakataa ziwa. Alilia hadi sauti ikakauka, akawa anafungua mdomo tu, na utosi ukaanza kubonyea. Zahanati walimpa maji ya chumvi na sukari, akayatapika. Mimi nilizunguka nyumba na viatu vya Baba miguuni, nikishindwa kukaa. Nadhani tabia hii ilianzia hapo.

Alasiri moja Bibi, mama yake Baba, akaja na bakuli la maji, akaketi mkekani mbele ya Mama.

"Huyu analilia jina," akasema.

"Jina analo," Baba akajibu kutoka mlangoni.

"Hilo la kopo la poda? Sogea, baba, unaziba hewa."

Akachovya vidole, akamnyunyizia mtoto, akaanza kuwaita marehemu wa kike wa ukoo. Majina yale ya zamani yalibeba habari nzima. "Kama ni wewe Chausiku, nyonya." Huyo alizaliwa usiku. "Kama ni wewe Mashaka, nyonya." Huyo alikuja na njaa kuu. "Kama ni wewe Sikitu, nyonya." Huyo ndugu zake wote walikuwa wamekufa, wakamwita si kitu ili kifo kimdharau kimpite. Mtoto akageuza uso pembeni kwa kila jina. Majina yakaisha, Bibi akabaki akiyatazama maji.

"Bado mmoja," Mama akasema polepole.

"Hakuna."

"Yupo, mama. Dada yako."

Hata mimi nilimjua, kwa minong'ono. Aliitwa Semeni kwa sababu majirani walimsengenya mama yake alipokuwa na mimba, naye akawajibu kwa kumpa mtoto jina: haya, semeni. Huyo Semeni aliacha ndoa, akaondoka na mfanyabiashara wa chumvi kuvuka Ziwa Tanganyika, asirudi. Bibi alipiga marufuku jina lake.

"Yule hakutulia popote," Bibi akasema. "Atakayelibeba jina lake hatatulia. Mnataka hivyo?"

"Nataka awe hai," Mama akasema. "Azurure, lakini awe hai."

Bibi akafumba macho. Jina lilimtoka kama mwiba. "Kama ni wewe Semeni..."

Hakufika kwenye neno nyonya. Alilia, yeye Bibi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Mama naye akalia, mabega yakamshuka, maziwa yakalowesha kanga. Mtoto akalitafuta ziwa, akaling'ang'ania.

Kijana wetu mmoja anayesomea udaktari hapa Guangzhou nilimsimulia, akaniambia, "Mzee, hofu huzuia maziwa kushuka. Mama alipolia, mwili ulilegea." Namwamini. Ila hajanieleza ni nani hasa kati yao aliyekuwa akililia lile jina.

Onyo la Bibi lilitimia, lakini lilikosea mtu. Semeni wetu hajawahi kuhama Tabora. Basi la Nzega tu linamtapisha. Aliyezurura ni mimi. Na huku hakuna aniitaye Mwenyeji. Sokoni sote ni "laoban", yaani bosi, hata sisi tusio na wa kumwamuru.

Juzi Semeni akanipigia simu, kichanga kikipiga kelele nyuma yake.

"Mjukuu wangu anakataa ziwa, kaka. Hospitali tumetoka, wanasema hana ugonjwa. Tumetaja wanaume wote. Limebaki lako."

"Semeni! Mimi sijafa!"

"Kwani Bibi alijua kama dada yake alikuwa amekufa? Aliyekwenda akanyamaza tunamtaja. Kama hutaki, njoo ukatae mwenyewe."

Nikashuka kwenye robota, nikaanza kuzunguka kati ya majora, simu sikioni. Mwenye duka akauliza, "Laoban, unakwenda wapi?" Ndipo dada yangu alipoita, kwa sauti ya Bibi kabisa: "Mwenyeji!"

Hakuwa akiniita mimi, najua. Lakini tangu Mama afariki sijawahi kuitwa hivyo na mtu anayesubiri jibu.

"Naam!" nikaitika, hadi wauzaji wakageuka.

Kule mtoto akanyamaza. Huenda alilipata jina lake, huenda alishtushwa na zee linalobweka kwenye simu. Nilisikia akinyonya. Nilipojitazama, nilikuwa nimekaa tena juu ya robota, na miguu, mara hii, haikudai kwenda popote.