Rangi Mpya Chini ya Gari

Juzi nilikwenda Nundu kutazama pikapu kuukuu, maana mihogo yangu inaozea shambani kwa kukosa gari. Mwuzaji akaigonga kapoti, kile kifuniko cha injini, kwa kiganja, akasema, "Dada, hii iko bien, iko muzuri kabisa." Nikatandika kitenge, nikalala chini ya gari kukagua vyuma. Akacheka. Maneno niliyomjibu sitayaandika hapa, ila ngoja nikueleze yalikotoka.

Nilikulia Baraka, karibu na ziwa. Mama alikuwa mfanyabiashara wa ndagala. Kila asubuhi aliwaanika juani, na kazi yangu ilikuwa kuwageuza na kufukuza kuku. Hadi leo harufu ile ikinipata nasikia njaa. Samaki wakikauka alitafuta gari la kuwapandisha Fizi, na mara nyingi alilikosa. Ndipo jirani yetu, mwenye pikapu, akasema anaiuza.

Tulikwenda kwake asubuhi, baba, mama na mimi. Mama akaweka kiganja kwenye kapoti.

"Iko moto juu ya nini? Leo haiyatoka."

"Niliiwasha kidogo tu, Mama, isikae na baridi."

Gari linalowaka kwa taabu huwashwa kabla mnunuzi hajafika. Hilo hata mimi nililijua. Mama akainama, akakwangua chini kwa ukucha, ukatoka na rangi nyeusi mbichi.

"Na huku chini? Nani anapakaka rangi mahali habaone?"

Jirani akamgeukia baba. "Mwalimu, bibi yako ananiita muwizi mbele ya mutoto?"

Baba alikuwa mtu wa haya, anayependa kusifiwa kwa upole wake. "Acha, Mama batoto," akasema. "Huyu ni jirani yetu."

Tukainunua.

Hazikupita wiki nyingi. Tulikuwa tunapanda kwenda Fizi, dereva mbele, mama na mimi juu ya magunia, njia imelowa mvua. Nikasikia mlio kama mti unaoanguka. Shasi, yaani chuma kirefu kinachobeba gari lote, ilikatika katikati. Magunia yakatumwaga. Mimi niliangukia kwenye nyasi. Mama aliangukia mguu wake, na magunia yakamfuata. Nilipokuwa nalia, dereva alinyoosha kidole kwenye chuma kilichovunjika: kiliwahi kukatika zamani, kikachomelewa, kisha kikapakwa rangi nyeusi.

Mguu ulipona ukiwa umepinda. Baba alikwenda kumwita jirani, naye akaja hadi mlangoni petu, mikono mfukoni.

"Mwalimu, gari ya zamani ni gari ya zamani. Mulikuja, mukaangalia, mukakubali."

Mama akajibu akiwa kwenye mkeka, bila kuinua sauti. "Miye niliangalia. Ye ndiye alikubali."

Baba akatazama chini. Sikumbuki kama yeye na mama waliwahi kucheka pamoja tena.

Mke wa jirani alituletea sufuria ya sombe, yaani kisamvu, imeungwa mawese, bado inatoa moshi. Mama aliipokea, akaimwagia kuku huku mwenzake akitazama, akarudisha sufuria tupu. Baadaye akaweka uzio wa matete kati ya nyua zetu. Jirani alipofariki, mtaa wote ulikwenda msibani. Mama alikaa nyuma ya uzio akitwanga sombe kwa nguvu, hadi mchi ukasikika katikati ya kilio. Baba alikwenda peke yake, na aliporudi hakukuta chakula.

Sasa wote wamelala kaburini, na matete yameoza. Kabla ya lile gari, sahani ya bugali ilikuwa moja kwa watoto wa nyumba zote mbili, na mzazi yeyote aliweza kutuita tule au kutuchapa. Leo nikikutana sokoni na watoto wa yule bwana, wazee kama mimi, tunapishana kama wageni. Watu huniambia yaliyopita yamepita. Hao hawakumsikia mama yangu akiburuta mguu ule kwenda kuanika samaki.