Jina Langu Bado Nalitumia

Mjukuu wangu amejifungua mtoto wa kike kule hospitali ya Woluwe, Brussels, na wamempa jina langu. Hospitali nzima wananipongeza. Mimi nimekasirika mpaka nikakataa kahawa.

Sisi Wayahudi wa kwetu hatumpi mtoto jina la mtu aliye hai. Ni kama kumwambia: haya mzee, tunakungoja. Mtoto hupewa jina la marehemu, ili marehemu asipotee. Na marehemu ninaye, anangoja tangu zamani.

Ni mama mdogo. Wakati wa vita ndiye aliyenishika mkono hadi kwa masista walionificha, hapa hapa Brussels. Mlangoni akaniinamia, akaniita jina langu sikioni, kisha akasema, "Sasa lifunge. Wakikuita lile la masista, itika." Akageuka kurudi. Njiani Wajerumani wakamkamata, hakurudi tena.

Baba, mama na mimi tulipona. Vita vilipokwisha tukahamia Lubumbashi kwa mjomba, baba akafungua duka la vitambaa, na shule yangu ikawa kaunta ile. Ndiyo maana hata leo, baada ya kurudi Brussels, nyumbani tunaongea Kiswahili, na ndicho ninachojua kuandika. Mama mdogo hakuacha mtoto, hakuacha picha. Jina tu, na jina hilo nimelitunza mimi.

Mwanangu alipompata huyu mjukuu nilimpendekezea lile jina. Akasema ni la kizee, akachagua la mwimbaji. Basi nikangoja tena. Safari hii nilimwambia mjukuu mwenyewe, tukinunua nguo za mtoto kwenye maduka ya Chaussée d'Ixelles. Akajibu, "Ndiyo, bibi," macho yakiwa kwenye simu.

Mumewe ni Mkongomani wa Kolwezi, kijana mwema, ananiita nkambo kama wanavyoita bibi kwao. Wazo lilikuwa lake.

"Nkambo, kwetu kumupa mutoto jina ya mukubwa ni heshima. Na wewe ukingali unaona."

"Kwetu ni kunichimbia kaburi. Malaika wa kifo akija na jina hilo, atamchukua nani?"

"Bon, atachukua ule mwenye alishakula chumvi mingi."

Mjukuu akacheka, akashika mshono wa upasuaji. "Bibi, mwache, akinichekesha naumia. Tumeshaandikisha ofisi ya komini, imekwisha."

"Mliniuliza lini?"

"Tulitaka iwe zawadi."

Zawadi. Unamchukulia mtu kitu chake, bado anakitumia, halafu unamrudishia kimefungwa utepe.

Wakaniwekea mtoto mapajani. Kosa si lake. Ana paji pana la uso la upande wa mama yangu, hilo nililiona mara moja, nikazidi kukasirika. Nikamwinamia sikioni, nikamwita jina la mama mdogo, polepole, asikie vizuri.

"Unamwambia nini?" mjukuu akauliza.

"Namwambia anyamaze."

"Lakini halii, nkambo," mumewe akasema.

Nikaomba ile kahawa yangu. Ilikuwa imeshapoa.